Kwani Ukalimani wa Ishara Unasomewa?

Nikimwambia mtu kwamba ninasomea ukalimani wa lugha ya ishara chuoni, najua swali litakalofuata. "Kwani hiyo inasomewa?" Nimeulizwa na mjomba. Nimeulizwa na konda wa matatu aliyeniona nikifanya mazoezi ya mikono kiti cha nyuma. Nimeulizwa hata na mwanafunzi mwenzangu wa sheria, na huyo nilitarajia ajue. Baada ya hapo huja swali la pesa, lakini hilo tuliache kwanza.

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi sikasiriki, kwa sababu nimegundua swali lenyewe lina historia ndefu, na leo nataka tuipitie pamoja. Ila kabla hatujafika Paris na Milan, wacha nianzie nyumbani.

Shangazi yangu ni kiziwi. Aliugua akiwa mdogo, homa ikaondoka na masikio yake. Alisoma shule ya viziwi miaka michache, akarudi, akafungua kibanda cha kushona nguo. Mimi nilikulia mlangoni pa kibanda kile, kwa hivyo ishara nilizijua kabla sijajua kusoma. Mtaani nilikuwa kama simu ya shangazi. Chifu akija, naitwa. Mteja akitaka kubishana bei ya suruali, naitwa.

Nikiwa na miaka 12 nilimsindikiza kliniki. Daktari akampima presha, akaandika dawa, kisha akaniambia: mwambie hizi ni za maisha, asiache hata akijisikia mzima. Mimi sikujua ishara ya presha. Sikujua nitasemaje "za maisha" bila kumtisha. Nikamwambia: kunywa hizi, utapona. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nesi akanipa peremende, akasema mimi ni mtoto mwerevu sana.

Shangazi alimaliza dawa, akajisikia poa, akaacha. Mwaka uliofuata akapata kiharusi. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Kwa fundi wa nguo, hapo kazi imeenda. Kwa mtu anayezungumza kwa mikono, ni kama kupoteza nusu ya ulimi.

Sasa shika jambo hili moja. Chumbani mle tulikuwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ujumbe umebadilika njiani, isipokuwa mimi. Daktari alisikia maneno yake yakitoka, akaona mikono yangu ikienda, akaamini kazi imefanyika. Hiyo ndiyo hatari ya kazi hii. Mkalimani wa ishara akikosea, anayesikia hawezi kuona. Anayeweza kuona ni kiziwi peke yake, na mara nyingi hata yeye hajui kilichosemwa awali. Historia yote ninayokuletea hapa ni ya watu wanaosikia kuamua mambo ya ishara wakiwa wamesahau jambo hilo.

Haya, twende Ufaransa, karne ya 18. Padri mmoja aitwaye Charles-Michel de l'Épée alianzisha shule ya watoto viziwi jijini Paris. Si yeye aliyebuni ishara, kama wengi wanavyodhani. Viziwi wa Paris walikuwa tayari wana ishara zao, yeye akajifunza kutoka kwao. Kisha akaongeza za kwake ili zifuate sarufi ya Kifaransa. Tayari unaona tatizo: anayesikia amekaribishwa kwenye nyumba ya watu, na kabla ya chai kupoa ameanza kupanga upya viti.

Hata hivyo shule ile ilizaa matunda. Mmoja wa walimu wake, Laurent Clerc, kiziwi, alivuka bahari pamoja na Thomas Gallaudet, na mwaka 1817 wakafungua shule Hartford, Marekani. Ndiyo maana hadi leo lugha ya ishara ya Marekani ina undugu na ile ya Ufaransa, wala haina undugu na ile ya Uingereza. Mmarekani kiziwi na Mwingereza kiziwi wakikutana, Kiingereza wanachoandika wote wawili hakiwasaidii kuelewana kwa mikono. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoruhusu chuo cha viziwi cha Washington kutoa digrii. Chuo hicho leo ni Gallaudet University.

Kwa hivyo kufikia katikati ya karne ya 19 kulikuwa na walimu viziwi, shule za viziwi, na digrii. Mambo yalikuwa yanaenda. Halafu ukaja mkutano wa Milan.

Septemba 1880, walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, kuamua njia bora ya kufundisha. Wajumbe walikuwa 164. Viziwi kati yao? Mmoja. Wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine, na ishara ziondolewe darasani. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto wakachapwa mikono kwa kosa la kuongea. Ilichukua hadi 2010, kwenye kongamano la Vancouver, kwa warithi wa mkutano ule kuyakana maazimio yale na kueleza majuto. Hesabu mwenyewe: miaka 130.

Wengi husimulia Milan kama habari ya shule tu. Mimi naisoma pia kama habari ya wakalimani. Wakubwa wakishaamua kwamba ishara si lugha, basi hakuna cha kukalimani. Hakuna kozi, hakuna mtihani, hakuna malipo. Kinachobaki ni mtoto wa nyumbani, dada wa kanisani, mwalimu mwenye moyo. Swali la mjomba wangu, "kwani hiyo inasomewa?", limetoka huko, ingawa mjomba hajawahi kusikia neno Milan.

Mtu aliyegeuza meza alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza pale Gallaudet, William Stokoe. Mwaka 1960 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ishara si kuigiza vitu hewani. Kila ishara imejengwa kwa vipande, kama neno linavyojengwa kwa sauti: umbo la kiganja, mahali mkono ulipo, na jinsi unavyosogea. Badilisha kipande kimoja na umepata neno lingine. Wenzake wengi walimdharau. Mwaka 1965 akatoa kamusi pamoja na wenzake wawili, Dorothy Casterline na Carl Croneberg, na hao wawili walikuwa viziwi. Kumbuka hilo. Lugha ilipoanza kuheshimiwa kisayansi, viziwi walikuwa mezani.

Katikati ya miaka hiyo, Juni 1964, watu walikutana Ball State Teachers College, Muncie, Indiana, kwa warsha kuhusu ukalimani, wakaondoka wameanzisha chama cha kusajili wakalimani, RID. Hapo ndipo kazi iliyokuwa ya hisani ilianza kuwa taaluma yenye maadili yaliyoandikwa: tunza siri, usiegemee upande, usiongeze, usipunguze. Baadaye sheria za Marekani za 1973 na 1990 kuhusu haki za watu wenye ulemavu zikafanya mkalimani awe hitaji la lazima mahali pengi, na vyuo vikalazimika kufundisha. Angalia mpangilio huo vizuri, maana kwetu utarudi ukiwa umepinduka: kwanza lugha ilitambuliwa na wasomi, kisha chama, kisha sheria, kisha madarasa yakajaa.

Na Afrika je? Hapa lazima nimtaje Andrew Foster. Mmarekani mweusi kutoka Alabama, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii Gallaudet. Mwaka 1957 akafika Ghana akaanza shule, na kufikia alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda, Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Mtu mmoja, bana. Alikuja na ishara za Marekani, na wapo wanaomlaumu kwamba zilifunika ishara za wenyeji. Lawama hiyo ina ukweli, lakini pia ni kweli kwamba watoto wengi waliofichwa nyuma ya nyumba walipata darasa kwa sababu yake.

Hapa Kenya shule za kwanza za viziwi, Mumias na Nyang'oma, zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilifuata njia ya Milan: soma midomo, toa sauti, mikono chini. Lakini wewe weka watoto mia viziwi kwenye bweni moja, kutoka kabila hili na lile, halafu zima taa ofisini kwa mwalimu mkuu. Unafikiri watanyamaza? Mabwenini na uwanjani ndiko lugha ilikomaa, ikipokezanwa na wakubwa kwa wadogo. Kwenye miaka ya 1980 shule zikaanza kuruhusu ishara darasani, ila zile zilizofuata Kiingereza neno kwa neno. Yaani mtoto anapewa sarufi ya Kiingereza kupitia viganja, wakati lugha yake halisi iko nje inacheza mpira.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, KSL, ukiongozwa na mwanaisimu Okoth Okombo, marehemu sasa. Yeye alisikia vizuri tu, lakini aliichukulia KSL kama lugha yoyote nyingine ya Kenya: ina sarufi, ina lahaja, ina watu wake wa kuulizwa. Mwanaisimu mwingine wetu, Philemon Akach, alifanya kazi kwenye utafiti huo, kisha akaenda University of the Free State, Afrika Kusini, akasaidia kujenga masomo ya lugha ya ishara ya kule. Kwa hivyo msiseme mambo haya ni ya wazungu. Mkenya amekuwa akiyafundisha wengine. Mwaka 2000 wakalimani wetu nao wakaunda chama chao, KSLIA.

Halafu zikaja sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilivitaka vituo vya runinga viweke mkalimani au maandishi kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaja kabisa wakalimani wa lugha ya ishara walio wataalamu. Na mwaka 2010 tukapata Katiba. Fungua kifungu cha 120: lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Fungua cha 50: mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila kulipa. Fungua cha 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia lugha ya ishara.

Tamu kusoma, sivyo? Sasa ndio ule mpangilio umepinduka. Sisi tulitoa ahadi kabla ya kufundisha watu wa kuitimiza. Kila mahakama, kila hospitali, kila chuo chenye mwanafunzi kiziwi kilipata jukumu kwa siku moja, lakini mkalimani mzuri hapatikani kwa siku moja. Majirani zetu Uganda waliweka lugha ya ishara kwenye Katiba yao ya 1995, mwaka uliofuata kiziwi, Alex Ndeezi, akaingia Bunge, na Kyambogo University wakawa na kozi ya wakalimani. Si kwamba wamemaliza shida zote. Ila mezani palikuwa na kiziwi, tena mwenye kura.

Kama bado unafikiri hili ni jambo dogo, kumbuka Desemba 10, 2013, uwanja wa FNB, Johannesburg. Dunia nzima imekuja kumuaga Mandela. Obama anahutubia. Pembeni yake amesimama mwanamume anayesogeza mikono kwa utulivu kabisa. Mamilioni tunatazama, na sisi tunaosikia hatuoni shida. Viziwi wa Afrika Kusini ndio waliopiga kelele: huyu hasemi kitu, anapepea tu. Marais wamejaa, walinzi wamejaa, na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna kiziwi aliyeulizwa kumpima yule mtu kabla hajapanda jukwaani.

Dunia ilicheka wiki nzima. Mimi nilitazama klipu ile miaka mingi baadaye na sikuweza kucheka. Niliona mtoto wa miaka 12 kliniki, na peremende mkononi.

Basi tunasomea nini hasa? Wengi wanadhani ni kukariri ishara. Hizo hata mtaani utazipata. Kwanza tunafundishwa kwamba KSL haifuati mpangilio wa Kiswahili wala Kiingereza. Nyusi zikipanda, sentensi imegeuka swali. Ukimweka mtu fulani upande wa kushoto hewani, atabaki pale mpaka hadithi iishe, na ole wako ukisahau ulimweka wapi. Tunafundishwa kwamba anayevuka kwenda Tanzania hakuti jina jipya tu, maana kule wanasema lugha ya alama. Anakuta lugha nyingine kabisa. Tunafundishwa tofauti ya mkalimani na mfasiri: mmoja anafanya kazi papo hapo huku mtu akiendelea kusema, mwingine anachukua maandishi, tuseme fomu ya serikali au kitabu cha dini, anakaa nayo, anarudi na video ya ishara iliyohakikiwa. Tunafundishwa kufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu ubongo huchoka kabla mikono haijachoka, na ukichoka unaanza kuacha maneno bila kujua.

Na tunafundishwa sentensi ambayo mimi ningeilipia karo yote peke yake: "Samahani daktari, sijaelewa, naomba urudie." Nikiwa na miaka 12 sikujua kwamba mkalimani anaruhusiwa kusema hivyo. Nilidhani kazi yangu ni kuonekana najua.

Mhadhiri wetu wa KSL ni kiziwi. Wiki ya kwanza darasa zima lilimuogopa. Sisi tuliokulia na viziwi nyumbani ndio tuliopigwa vibaya zaidi, tulidhani tunajua kila kitu. Yeye hakuzi alama kwa kuangalia mikono imependeza kiasi gani. Anakuuliza maswali, na majibu yake yanakuonyesha alichoelewa. Kama alichoelewa si kilichosemwa, umeanguka. Ndiyo mtihani pekee wa haki ninaoujua kwa kazi hii, na kwa maoni yangu kozi yoyote ya ukalimani wa ishara isiyo na viziwi wanaofundisha na kutahini ni Milan ndogo yenye cheti.

Najua kuna pingamizi. Kuna wanaosema wakalimani bora tulio nao hawakukanyaga chuo, walijifunza kwa mama zao. Kweli, na wengi wao ndio waliobeba kazi hii bila malipo miaka yote. Siwadharau, mimi ni mmoja wao. Lakini kumwambia kiziwi asubiri bahati ya kuwa na mtoto mwenye kipaji si mpango wa nchi. Wengine wanasema simu zitafanya kazi hiyo karibuni. Sawa, ila nani atapima kama simu imesema kweli? Tumerudi palepale uwanjani FNB.

Sasa lile swali la pesa. Ukweli ni kwamba malipo bado hayaeleweki. Unaitwa harusi ukaambiwa "si ni kuinua mikono tu, tutakupa ya nauli." Taasisi inatenga bajeti ya hema, ya chakula, ya maua, mkalimani anakumbukwa asubuhi ya siku yenyewe. Bila bajeti, vyuo vitatoa wanafunzi ambao baada ya miaka miwili watakuwa wanauza bima. Katiba ilishatupa lugha ya tatu ya Bunge. Kilichobaki ni kulipia watu wa kuisema, na kulipia vyema.

Likizo iliyopita nilimweleza shangazi ukweli kuhusu ile siku ya kliniki. Miaka yote sikuwahi. Nilimpa ujumbe wa daktari upya, wote, vile ulivyotakiwa kufika: presha, dawa za maisha, usiache hata ukijisikia mzima. Alinitazama kwa muda mrefu. Siku hizi anazungumza kwa mkono wa kushoto, polepole, na inabidi umsubiri.

Akasema: wewe ulikuwa mtoto. Yule daktari alikuwa mtu mzima. Kwa nini hakuniuliza mimi kama nimeelewa?

Sikuwa na jibu, na bado sina. Kama nyumbani kwenu kuna kiziwi, leo muulize ni nani aliyemkalimania mara ya mwisho alipokwenda hospitali, na yeye alielewa nini. Sikiliza jibu mpaka mwisho. Kisha uniambie kama hii kazi haifai kusomewa.